Barua ya wazi: Msituletee wanafunzi Malindi wakati hoteli zimefungwa

Kwa Manaibu Chansela wa vyuo vikuu vinavyotuma wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, Malindi na Watamu. Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Kilifi. Na wenye hoteli, viwanda na ofisi kuanzia Gede hadi Marereni.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, tunaomba tuingie moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kila mwisho wa Aprili, mitihani ikimalizika, wanafunzi wa mwaka wa tatu hukabidhiwa barua ya utambulisho na kuambiwa waanze atachimenti wiki ya kwanza ya Mei. Wiki hiyohiyo, huku kwetu masika yameshika, kusi imeanza kuvuma, wageni wamerudi kwao, na hoteli nyingi za ufuoni zimefunga mpaka Julai. Wafanyakazi wa kudumu wako likizoni, vibarua wameshaagwa, na waliobaki ndani ya ua ni walinzi, fundi wa mabomba na wapaka rangi. Hapo ndipo kijana anayesomea usimamizi wa hoteli anapoletwa kujifunza kazi.

Sisi tunaoiandika barua hii ndio tunaompokea huyo kijana. Tunampangia idara, tunatia sahihi kitabu chake, tunamjazia fomu ya alama. Kuhusu ajira za wahitimu kila mtu ana lake la kusema, na mengi yanataka fedha ambazo hatuna hakika zitatoka wapi. Hili letu halitaki fedha nyingi. Linataka kalenda ibadilishwe, na mengine machache yanayoambatana nayo.

Hoteli inayofanya kazi ina idara sita ambazo mwanafunzi anapaswa kuzipitia: mapokezi, usafi wa vyumba, jikoni, huduma ya mezani, stoo na uhasibu, kisha ukarabati. Ukizigawia wiki 12, kila moja inapata wiki mbili. Mwezi wa Mei zilizo hai ni stoo na ukarabati tu. Kwa hiyo kijana huhesabu mashuka, hupaka vanishi vitanda vya kuotea jua, na zikibaki saa za siku hukaa kivulini na simu yake. Jikoni kuna mpishi mmoja anayewapikia walinzi. Mfumo wa kompyuta wa kupangia vyumba ama umezimwa ama hauna kitu ndani. Mapokezi hakuna anayepokelewa.

Na kazi ya mapokezi haifunzwi kwa maelezo. Hufunzwa siku basi la wageni 30 linapofika saa sita mchana, wamepangiwa vyumba 15, na vitano kati ya hivyo bado viko mikononi mwa wasafishaji kwa sababu waliovilalia walichelewa kutoka. Hapo mwanafunzi anaona kwa nini orodha ya vyumba vilivyo tayari lazima isomwe kabla basi halijaingia lango kuu, nani apewe chumba kwanza (wenye watoto wadogo na wazee), na maneno gani ya kumwambia aliyebaki amesimama na mizigo. Siku moja ya namna hiyo mwezi wa Januari inamfunza zaidi ya Mei nzima.

Kwa wanafunzi wa uvuvi na sayansi ya bahari hali ni hiyohiyo. Kusi ikishika, bahari ya nje ya mwamba huchafuka. Vyombo vidogo huvulia ndani ya mwamba au hupandishwa pwani vikakalafatiwe. Mwanafunzi aliyetumwa kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa hubaki na fomu tupu. Ile fomu ina safu 8: tarehe, chombo, idadi ya wavuvi, aina ya mtego, saa walizokaa baharini, jina la samaki, urefu kwa sentimita, uzito kwa kilo. Ili ijae vizuri inataka vyombo vingi vyenye mitego tofauti, jarife, mishipi, malema, vinavyorudi siku kwa siku. Wakati wake ni kaskazi, Novemba hadi Machi. Mwanafunzi wa Juni huandika changu na tafi wa ndani ya mwamba, kisha chuoni huulizwa kwa nini sampuli yake ni ndogo. Kana kwamba yeye ndiye mwenye upepo.

Ndege wahamaji wanaojaza hori ya Mida na mdomo wa mto Sabaki nao huanza kuondoka karibu na Aprili, na wengi hurejea kuanzia Agosti na Septemba. Anayesomea wanyamapori akija Mei hukuta matope na wachache waliosalia. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hukausha maji ya bahari kwa jua. Mvua ya masika ikinyesha hupunguza ukali wa maji hayo, na uvunaji hudorora. Mwanafunzi wa kemia ya viwanda anayetaka kuona chumvi ikivunwa, ikioshwa na kupimwa unyevu aje kiangazi. Walio na bahati ni wanaosomea nyangumi: nyangumi hupita mbele ya Watamu kuanzia Julai hadi Septemba hivi, na kijana wa atachimenti huwakuta wiki zake za mwisho.

Hatusemi Mei ni mbaya kwa kila kozi. Wanafunzi wa ualimu inawafaa kabisa kwa kuwa ndio mwanzo wa muhula wa pili shuleni. Wa kilimo hukuta mahindi ya masika shambani, ingawa anayetaka korosho asije kabla ya Novemba. Wa uhasibu wa serikali anapata darasa zuri lisilopatikana wakati mwingine wowote: mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na wiki sita kabla ya hapo ofisi ya fedha ya kaunti inakuwa moto, hati za malipo zikilinganishwa na vitabu vya benki, madeni yakiorodheshwa, maagizo ya ununuzi yakifungwa. Lakini Julai ikiingia, ofisi nyingi hungoja fedha za mwaka mpya. Magari hayana mafuta, afisa wa nyanjani anakaa mezani, na mwanafunzi wa afya ya jamii au wa mipango anakaa naye. Wa sheria ajue kwamba Mahakama Kuu huwa likizoni kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba. Akiletwa mahakamani Malindi mwishoni mwa Julai atasikiliza maombi machache ya dharura na kupanga mafaili.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni kwenu Manaibu Chansela. Msiwe na tarehe moja ya chuo kizima. Kila idara iandike msimu wa kazi inayoifundisha, na seneti ipitishe ratiba kwa kufuata hayo.

Kwa kozi za hoteli, utalii, uvuvi na sayansi ya bahari tunapendekeza atachimenti ianze Jumatatu ya pili ya Desemba na iishe mwanzoni mwa Machi. Hizo ni wiki 12 kamili. Muhula wa Januari hadi Aprili wa mwaka huo wa tatu uhamie Mei hadi Agosti, kwani mhadhara husomeka hata mvua ikinyesha. Tunajua patakapokwama. Kwanza ni yale masomo ya pamoja, kama takwimu na mawasiliano, ambayo wanafunzi wa hoteli husoma ukumbi mmoja na wa kozi nyingine Januari hadi Aprili. Hayo yarudishwe mwaka wa pili au yasogezwe mwaka wa nne, la sivyo kijana atarudi Machi akute ameyakosa. Pili ni fedha za matumizi za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu: hutolewa kwa kufuata mihula, kwa hiyo chuo kipeleke ratiba mpya mapema kabla mwaka wa masomo haujaanza, si baada ya wanafunzi kulalamika. Tatu ni vyumba vya bweni kati ya Mei na Agosti. Nne ni wahadhiri, ambao wamezoea kuitumia miezi hiyo kwa utafiti, na lazima wajue mwaka mmoja kabla. Anzeni na kozi moja na kundi moja. Mkiona imekwenda, ongezeni.

Chuo kisichoweza kufanya hivyo kina njia ya pili, dhaifu kidogo lakini bora kuliko ya sasa: gaweni wiki 12 mara mbili. Sita za kwanza zianze katikati ya Julai, hoteli zikifunguliwa kwa wageni wa Agosti, na sita za pili zianze katikati ya Desemba. Ubaya wake ni nauli mara mbili na maelekezo ya kuanza mara mbili. Uzuri wake ni kwamba anaporudi Desemba anajua stoo iko wapi na nani ana funguo, na hoteli haipotezi wiki ya kwanza kumzungusha.

Ramadhani nayo iingizwe katika hesabu. Husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia ndani ya Februari. Baadaye itaingia Januari. Wengi wa wanafunzi na wafanyakazi wetu wanafunga. Zamu ya jikoni ya mchana wapewe wasiofunga ikiwezekana, na ya jioni ipangwe ili mtu apate kufuturu kabla ya chakula cha usiku cha wageni. Jambo dogo, ila likisahauliwa huzua ugomvi wiki nzima.

Tunajua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: ukimpeleka mwanafunzi hotelini Desemba, hoteli itamfanya kibarua wa bure. Limeshatokea. Kijana anawekwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo siku ya kwanza na anatolewa siku ya mwisho, na cheti anapewa. Dawa yake ni karatasi ya makubaliano yenye sahihi tatu, ya chuo, ya mwajiri na ya mwanafunzi, yenye mambo ya kuhesabika. Idara na wiki zake ziandikwe kwa tarehe. Saa za kazi zisizidi nane kwa siku, na angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Asihesabiwe katika idadi ya wafanyakazi wa zamu. Yaani akikosekana, zamu isianguke. Chakula cha kazini apewe kama wafanyakazi wengine. Zamu ikiisha baada ya saa tatu usiku, arudishwe na gari la wafanyakazi, kwa sababu kutoka barabara ya hoteli za Casuarina au Mayungu mpaka mjini usiku si jambo la kumwachia msichana wa miaka 21 na bodaboda asiyemjua. Na hoteli isipokee zaidi ya mwanafunzi mmoja kwa kila wafanyakazi watano wa idara. Wakizidi hapo hakuna anayewafundisha, wanafundishana wenyewe.

Kuhusu wasichana tuseme wazi, maana huwa linapitwa kimyakimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Chuo kiiombe nakala ya sera hiyo kabla ya kumpeleka mwanafunzi. Na mwanafunzi apewe nambari ya simu ya mtu chuoni ambaye si mkaguzi wake wala si msimamizi wake kazini, kwa sababu anayempa alama ndiye mara nyingine anayemsumbua. Akilalamika, ahamishwe ndani ya siku mbili na wiki alizofanya zihesabiwe. Asipohesabiwa wiki hizo atanyamaza.

Sasa karatasi. Nafasi nyingi hupotea hapa, na si kwa kukosa sifa. Barua ya utambulisho hutoka siku chache kabla ya kuanza, wakati waajiri wazuri walishajaza miezi mitatu nyuma. Barua itoke mapema: kwa atachimenti ya Desemba, mwanafunzi awe nayo mkononi mwanzoni mwa Septemba. Ndani yake tunataka kuona kozi, mwaka, tarehe ya kuanza na kumaliza, jina na simu ya mratibu anayeshika simu, na nambari ya bima ya ajali pamoja na tarehe inapokwisha. Barua nyingi husema tu kwamba mwanafunzi ana bima. Meneja anayemkabidhi kijana boti au kisu cha jikoni hatosheki na neno hilo. Anataka nambari, la sivyo anamweka mapokezi ajibu simu wiki zote 12, na mwanafunzi wa bahari anamaliza atachimenti bila kupanda chombo.

Anayekwenda jikoni au huduma ya mezani awe na cheti cha afya cha wanaoshughulikia vyakula kutoka ofisi ya afya ya umma. Hudumu miezi 6 na huhitaji vipimo, kwa hiyo akifanye wiki mbili kabla, si asubuhi ya kuripoti. Awe na viatu vya kufunika vidole visivyoteleza. Wengi huja na ndala nzuri za mjini na wanarudishwa langoni. Kwenye sehemu zenye taarifa za wageni, nakala za pasipoti na kadi za benki, atie sahihi karatasi ya kutunza siri kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na aelezwe kwamba kupiga picha skrini ya mapokezi na kuiweka kwenye hadhi ya WhatsApp ni kosa. Tunalitaja kwa sababu hutokea.

Kitabu cha kumbukumbu za kila siku, ile logibuku, ndicho kinachotuvunja moyo zaidi. Ukifungua vingi utakuta maneno haya yamerudiwa kurasa 60: "Leo nimesaidia idara ya mapokezi." Tunatia sahihi, chuo kinatoa alama, na miezi sita baadaye kijana anaandika wasifukazi wake na hana cha kusema. Ukurasa wa siku moja ungefaa usomeke hivi: "Kundi la wageni 14, vyumba 7. Saa saba vyumba 2 havijakaguliwa. Nilimpigia msimamizi wa usafi, nikawapa wageni maji na fomu za kujaza wakingoja. Waliingia saa nane kasoro robo. Chanzo: usiku uliotangulia walioondoka waliongezewa muda wa saa mbili na mapokezi hawakuwaarifu wasafishaji. Kuanzia kesho nyongeza ya muda inaandikwa ubaoni kwa wasafishaji papo hapo." Mistari sita tu, nayo ina idadi, saa, tatizo, chanzo na kilichobadilishwa. Mwajiri anayesoma hapo anajua huyu mtu anaweza kazi. Tunaomba vyuo vibadilishe ukurasa wa kitabu: badala ya nafasi moja pana iliyoandikwa "kazi za leo", ziwe nafasi nne za kazi, idadi, kilichoharibika na chanzo chake. Gharama yake ni ya kuchapisha upya.

Vivyo hivyo mwanafunzi wa teknolojia ya habari, ambaye huishia kubadilisha wino wa printa. Mpeni kazi zinazokwisha na kuonekana. Wiki mbili za kwanza aandike orodha ya vifaa vyote vyenye mtandao, mahali vilipo na umri wake. Zinazofuata achore ramani ya mtandao. Kisha apange nakala za akiba za hesabu na uwekaji nafasi, na ajaribu kuzirudisha kwenye kompyuta nyingine mbele ya meneja. Hapo kwenye kuzirudisha ndipo hugundulika kwamba nakala za miezi minane zilikuwa mafaili matupu.

Mhadhiri mkaguzi tunamheshimu, lakini ratiba yake inatushinda. Huja siku moja, ana wanafunzi kumi na tano kati ya Kilifi na Ngomeni, hampigii mtu simu, na hufika kwenye mwalo saa tano asubuhi vyombo vikiwa baharini. Wavuvi hutoka na kurudi kwa kufuata maji, na saa za kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku. Jedwali la maji linapatikana, aliangalie. Hotelini asije saa za chakula cha mchana. Atume tarehe wiki moja mbele, aje mara mbili, wiki ya nne na wiki ya kumi, na mara ya kwanza aje kurekebisha, si kutoa alama. Ziara moja ya wiki ya kumi na moja humkuta kijana ameshapoteza miezi miwili stoo, na hakuna la kufanywa.

Fedha. Tuchukulie nauli ya shilingi 200 kwa siku, kwenda na kurudi, kutoka Gongoni au kutoka mitaa ya ndani ya Malindi kwenda Watamu. Kwa siku 5 za wiki, kwa wiki 12, ni shilingi 12,000, kabla ya chakula na viatu. Hiyo ndiyo sababu mtoto wa fundi hufanya atachimenti kwenye ofisi iliyo karibu na kwao hata kama haihusiani na kozi yake. Fedha za ufadhili za kaunti huenda chuoni kulipa karo, na karo ikilipwa kila mtu anaona kazi imekwisha. Mheshimiwa Waziri, tengeni sehemu ndogo ya fedha hizo kwa nauli ya atachimenti, ilipwe kwa simu kwa awamu tatu, wiki ya kwanza, ya tano na ya tisa, kila awamu baada ya msimamizi kuthibitisha kwamba mwanafunzi yupo. Ikitolewa yote mwanzoni huishia kwenye kodi ya chumba.

Kwa kaunti tunaomba pia rejista moja ya nafasi. Kwa sasa nafasi hujulikana kwa mtu kumjua mtu, na anayejua zaidi ni mpwa wa meneja. Rejista iwe jedwali la kawaida: mwajiri, kozi anazotaka, idadi ya nafasi, tarehe, chakula kipo au hakipo, usafiri upo au haupo, karatasi zinazotakiwa, siku ya mwisho ya kuomba. Itangazwe tarehe 1 Septemba kwenye tovuti na ibandikwe kwenye ofisi za wadi, na majina ya waliopata yabandikwe palepale. Bila majina kubandikwa, rejista ni pambo tu.

Ndani ya rejista hiyo tusione hoteli peke yake. Kituo cha anga cha Luigi Broglio kule Ngomeni, ambako roketi zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988 na ambacho bado kinafuatilia setilaiti, kitaje hadharani kinaweza kupokea wangapi wa fizikia, uhandisi na ramani kila mwaka, hata kama ni wawili. Makumbusho ya Taifa yana Gede na majengo ya kale ya mjini, na wanafunzi wa historia na akiolojia wanayahitaji. Halafu kuna mlango ambao karibu hakuna anayeugonga: maduka ya jumla, maghala na nyumba ndogo za wageni. Tangu 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliki na mamlaka ya mapato, KRA, wakati wa kukokotoa kodi, na wafanyabiashara wengi wa mjini bado wanahangaika nayo. Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa tatu akikaa wiki 12 kwenye duka la jumla, akaunganisha stoo na ankara, akapanga risiti za wauzaji na kufunga hesabu za kila mwezi, ataacha pengo siku akiondoka. Mwenye duka atamwita. Kikwazo ni kwamba vyuo vingi vinataka msimamizi kazini awe na shahada, na mwenye duka hana. Legezeni hapo: mhasibu wa nje anayemkagulia mwenye duka hesabu akubaliwe kuwa msimamizi wa pili.

Wenye hoteli, mnalipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wengi wenu hamjauliza unawarudishia nini. Ulizeni kuhusu mafunzo na kurudishiwa gharama zake. Na kijana anayemaliza kwenu msimpe barua ya "alikuwa mtiifu na mwenye bidii". Mwandikieni idara alizopita na tarehe zake, mfumo wa kompyuta alioutumia, zamu alizosimamia mwenyewe, na lugha alizohudumia wageni. Malindi anayemudu Kiitaliano cha mapokezi ana nafasi ambayo mwenye shahada bila hicho Kiitaliano hana, na vyuo vingekifundisha saa mbili kwa wiki mwaka mzima wa pili bila kutikisa kitu.

Mwezi wa Oktoba mnapoanza kupanga vibarua vya Krismasi, anzeni na orodha ya waliofanya atachimenti kwenu msimu uliotangulia. Hawahitaji kuonyeshwa stoo iko wapi.

Jedwali la idara na wiki zake, mfano wa makubaliano ya sahihi tatu na ukurasa mpya wa kitabu cha kumbukumbu tunavyo tayari. Tutavileta kwenye kikao mtakachoitisha. Kiitisheni kabla ya Septemba, ili barua za Desemba ziwahi kutoka.

Wenu,
Wasimamizi wa wanafunzi wa atachimenti,
Malindi na Watamu